Kinasa Sauti cha Mama Mwamini

Siku niikumbukayo zaidi katika ujana wangu, mwanangu, ni ile niliyounguza kitu ambacho hakikuwa changu. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nafanya kazi kwa Fundi Sefu hapa Kasongo, karibu na soko. Redio tatu nne nilizotengeneza zilikuwa zimenivimbisha kichwa. Ndiyo ujana, mgema akisifiwa tembo hulitia maji.

Akaja Mama Mwamini kutoka Kabambare. Kaka yake alikuwa amesukuma baiskeli siku nne katika matope, na juu yake, ndani ya kitenge na kipande cha godoro, kulikuwa na kinasa sauti cha kizamani, cha mikanda ya kuzunguka. Marehemu mume wake, mwalimu, alijirekodi humo akimwimbia binti yao alipokuwa mchanga. Sasa binti alikuwa anaolewa mwisho wa mwezi, na sauti ya baba yake haikumbuki. Mashini ilikuwa ikiwashwa inazima papo hapo.

Fundi Sefu alikuwa amekwenda Nyangwe kumzika shemeji yake. Aliniachia neno moja tu: kazi kubwa imngojee. Mimi nikafungua. Nikakuta fizibile, kile kiuzi kinachokatika ili mashini isiungue, imekatika. Nikaweka mpya, ikakatika. Nikaweka nyingine, ikakatika. Basi nikachukua karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, nikaizungushia fizibile ili umeme upite, nikawasha jenereta. Mikanda ikaanza kuzunguka, nami nikacheka kwa furaha. Kabla sijamaliza kucheka, moshi ukatoka. Transfoma, ule moyo wa shaba unaogawa umeme ndani, ilikuwa imeungua.

Fundi aliporudi kesho yake, nilikuwa nimeshatunga uongo kwamba mashini ilikuja vile. Lakini nilipofungua kinywa, uongo ule ulinishinda. Nikasema kweli yote, Mama Mwamini akiwa amekaa palepale. Fundi hakufoka. Alishika ile karatasi ya sigara, sasa nyeusi kwa moto, akaniambia:

"Fizibile haikuwa adui yako. Ilikuwa inakuonya, na weye uliifunga kinywa."

Kisha akamgeukia mama, akamwambia mkanda uko mzima. Kilichobaki ni kazi ya vidole vya kijana huyu.

Ee mwanangu, vidole vilikoma! Nilifungua waya ulioungua nikihesabu kila mzunguko, nikasuka upya kwa waya wa mota mbovu. Nikikosea hesabu, naanza tena. Siku tatu nzima. Fundi naye akatafuta chanzo chenyewe, akakipata: kondensa moja kuukuu, kitu cha kutunza umeme, cha ukubwa wa kidole gumba, ilikuwa inavujisha umeme. Mpira wa kuzungusha mikanda ulikuwa umelegea, tukakata mwingine kwenye tube ya baiskeli ya yule kaka.

Siku ya kujaribu, Fundi aliunganisha balbu katika njia ya umeme. Ikiwaka kwa nguvu na kubaki vile, alisema, zima upesi; ikififia, tumepona. Nikawasha. Balbu ikang'aa, nikapeleka mkono tayari kuzima. Kisha ikafifia taratibu. Nikabonyeza. Mkanda ukakwaruza kidogo, na mwanamume akakohoa, akacheka, akaanza kuimba kwa Kibangubangu, lugha ya kwao, akimtaja binti yake kwa jina.

Mama Mwamini alishika meza kwa mikono miwili. "Ni yeye," akasema. "Iko anacheka vilevile."

Wauza samaki walijaa mlangoni. Nilirukaruka kama mbuzi aliyefunguliwa kamba, na Fundi Sefu, mzee mzima, alikuwa anafuata wimbo kwa makofi. Hata sasa nikisimulia mwili unanisisimka! Baadaye tulipata habari kwamba bibi arusi aliurudisha wimbo ule mara saba, wageni wakingojea wali.

Mwanangu, kitu kikikukataa, usikilazimishe; uliza kwanza kwa nini kinakataa. Na anayekuonya usimnyamazishe, hata kama anakuchelewesha, maana usipoziba ufa utajenga ukuta. Ukiharibu, sema mapema, wakati bado kuna cha kuokoa. Mungu akupe subira ya macho kabla ya mikono, akuweke karibu na watu wasioogopa kukuambia kweli, na utakachokishika kipone. Amina.