Kofi la Kisiwani

Kisiwa kile nilikichagua mwenyewe. Watalii hujazana mji wa kale kupiga picha. Mimi nilitaka kumpeleka binti yangu mahali ambapo hata wenyeji wengi hawapajui, penye miamba ya rangi ya waridi na misonobari, boti inapita mara mbili tu kwa siku. Alikuwa na miaka kumi na sita, na kabla shule hazijafunguliwa ilibidi aamue: abaki nami mtaani Fittja au ahamie kwa baba yake, mtaa wa Hjulsta, upande wa pili wa jiji. Nilitaka abaki, jamani. Nikabeba chapati na kuku, nikaapa siku hiyo sigombi.

Wapi! Nusu saa haikuisha. Alisimama ukingoni kabisa anajipiga picha. Nikamwambia rudi. Akanijibu kwa Kiswidi, bila hata kugeuka, kwamba namtia aibu. Nyuma yake meli kubwa ya kwenda Ufini ilikuwa inapita. Maji yakajivuta, mwamba ukabaki mtupu, kisha yakarudi yote kwa mpigo na kumzoa miguu.

Nilimrukia. Nilimkamata nywele alizosuka, sikupata pengine pa kushika, nikamburura juu ya mwamba huku anapiga mayowe na goti linachanika. Nilipoona yuko salama, nikamzaba kofi. Kofi la nguvu zangu zote, hadi mdomo ukatoka damu.

Kwetu ndivyo. Mtoto akiponea chupuchupu huchapwa kwanza, kisha hukumbatiwa, na wote hulia pamoja. Mama yangu alinitandika hivyohivyo siku niliyoopolewa kisimani.

Lakini mwanamke wa Kiswidi aliyekuwa akila na mumewe hapo jirani alijitupa katikati yetu, akanisukuma kifuani, akifoka kwamba nchi hii mtoto hapigwi. Nami nikamsukuma, akaanguka. Mumewe akanikaba mikono kwa nyuma. Binti yangu akaketi nao hadi boti ilipofika.

Ndani ya boti nilimfuata, nikamweleza desturi yetu yote: kipigo kwanza, kisha kumbatio. Alisikiliza, karatasi yenye damu mdomoni. Akanijibu kwa Kiswahili, mara ya kwanza siku ile.

“Haya, mama. Kupiga umeshapiga.”

Akangoja. Yule mwanamke alikuwa anatukodolea macho, na mimi hasira ilikuwa bado haijaniisha. Nikageukia dirishani.

Mwezi wa nane alihamia Hjulsta.