Nilivyompeleka Polisi Mlangoni kwa Mjane

Kosa langu ni neno moja tu: "Ndiyo." Nililisema mbele ya polisi, na halikuwa kweli.

Nilikuwa kijana mgeni mjini Kasongo, mtu wa Kabambare, nimelelewa misheni. Kifaransa nilijifundisha mwenyewe kwa magazeti ya kufungia sabuni, kwa hiyo niliogopa mno kuonekana sijui. Foyer sosiali, pale akina mama wanapofundishwa kushona na kulea watoto, walinipa kazi ya kupita nyumba kwa nyumba kuuliza shida za watu. Baadaye Madamu, mkuu wetu, akapatana na bwana komiseri wa polisi: penye ugomvi au mateso, niende na polisi.

Zaina alikuwa mshonaji wetu hodari. Mume wake akafa, naye akaacha kuja. Nikaenda kwake. Shemeji yake, Mzee Saidi, akanizuia mlangoni. "Iko ndani. Haonekani na wanaume."

Nikarudi tena, jibu lile lile. Dirisha limefungwa, chakula kinaingizwa, mlango unarudishwa. Kwetu mjane hulia uani mbele ya watu wote, kisha ndugu wa marehemu huweza kumrithi. Basi nikaijenga kesi nzima kichwani: mzee huyu anamfungia mpaka akubali kuwa mke wake!

Sajini niliyemwendea alikuwa mtu mzima asiye na haraka. Akaniuliza, "Mwanangu, umeuliza wamama wa jirani?"

Niliona aibu. Nikasema ndiyo.

Tulikwenda mchana, njia imejaa watu wa soko. Mzee Saidi alisimama mlangoni, akasukumwa kando. Ndani Zaina alikuwa ameketi peke yake, amevaa nguo nyeupe. Alipotuona akavuta mkeka akajifunika uso. Alikuwa katika eda! Mjane wa Kiislamu hukaa ndani miezi yake, asitazamwe na wanaume wa nje. Hakuna aliyemfungia.

Sajini akageuka, akatoka nje. Zaina ndiye aliyesema, nyuma ya mkeka: "Ungemuuliza hata muuza mihogo, angekuambia."

Laiti yangeishia pale! Lakini watu walisema polisi hawaingii nyumba bure. Kabla ya jua kuzama, huko mtoni watu wanakoteka maji, habari ilikuwa kwamba mle ndani kulikutwa mwanaume. Ndugu za marehemu wakaanza kumtazama Zaina vibaya, na Mzee Saidi wakamshuku pia. Wanawake wakaacha kuja foyer kushona. Nikipita, maongezi yalikatika, nami nikamshuku kila aliyecheka.

Ijumaa nilisimama nje ya msikiti watu wakitoka, nikawaambia hakukuwa na mwanaume, mimi ndiye niliyemdanganya sajini. Wengine waliniamini. Kijana mmoja akauliza, "Nani amekulipa useme hivyo?"

Ninyi mnaotembea na polisi kwa nia njema, nawasihi: watu hawataiona nia yenu, wataona polisi. Kama hamkuuliza, semeni hamkuuliza. Aibu yake ni ndogo kuliko hii yangu.

Siku hizi huanza kwa wamama wa jirani, na sajini hubaki barabarani mpaka nimwite. Wanawake wengi wamerudi kushona. Eda ya Zaina imekwisha, sasa anakwenda sokoni kama wenzake. Akiniona naja, anarudi ndani na kufunga mlango.