Kwapani Hujafika

Juzi niliutembelea mji wa Kisii kama mtalii, mimi niliyezaliwa Tabaka, kijiji cha wachonga mawe, mwendo mfupi tu wa gari kutoka hapo. Usinicheke. Tangu niolewe mbali, nikirudi huwa napita mbio, sukari mkononi na macho kwenye saa. Safari hii nilikuwa nimempeleka Nyanya kwa daktari wa macho. Daktari alimulika, akamulika tena, kisha akaniambia mimi badala ya kumwambia yeye kwamba hakuna kilichobaki cha kufanya. Tukatoka nje tumechoka sote wawili, na hakuna aliyetaka kurudi nyumbani na habari hizo.

"Basi nitembeze," Nyanya akasema. "Uniambie mji umekuwaje."

Nikamshika mkono. Nikamsimulia maghorofa ya vioo yaliyopanda mpaka kilima cha Nyanchwa kinachungulia katikati yake, na nguo zilizoanikwa juu kabisa. Nikamwambia kwamba ile safu ya maduka ya zamani ya Wahindi, yenye baraza refu na mabati yaliyoliwa na kutu, imebaki vipande vipande.

"Na pale tulipokuwa tukijikinga mvua?"

Pale wamechimba shimo la msingi, nikamjibu. Akaguna tu. Miguu ilikuwa inaniuma, na kusema kweli, kumweleza mtu jengo jipya huku yeye analikumbuka la zamani kunachosha kuliko kuzipanda ngazi zake.

Katika duka moja lililonusurika kulikuwa na kibao cha makumbusho. Ni chumba kimoja tu, rafiki yangu: vibuyu, kigoda, jiwe la kusagia wimbi, na rafu ya vinyago vya mawe. Nilipofika kwenye rafu nikasimama. Kulikuwa na mama amebeba mtoto, na mtoto anatazama nyuma, juu ya bega la mamake. Kwetu Tabaka, Babu peke yake ndiye aliyechonga watoto wakitazama nyuma.

Wanaume walichonga, wanawake na watoto tukasugua. Jiwe likitoka kwa Babu lilikuwa na makovu ya kisu kila mahali. Tulilitumbukiza kwenye karai la maji, tukalisugua kwa msasa mpaka maji yakawa meupe kama maziwa na vidole vikakunjamana. Asubuhi tulikunywa uji wa wimbi, mchana tukala ndizi za kuchemsha, na katikati ilikuwa kwaru kwaru ya misasa na vicheko vya shangazi zangu. Mahali pagumu palikuwa kwapani mwa kinyago, ambapo msasa hauingii bila kukunjwa na kidole kinachubuka.

"Kwapani umefika?" Nyanya angeniuliza.

"Nimefika," nami ningemjibu, macho yakiwa kwa wenzangu wanaoruka kamba. Nilikuwa sijafika hata kidogo. Nilipaka nta nyingi hapo, nikakimbia kucheza.

Mchuuzi alikuja, mawe yakafungwa kwa majani makavu ya migomba, yakaenda. Nyanya hakuwahi kuyaona tena. "Ukishasoma, utanipeleka nione yanawekwa wapi," aliniambia mara nyingi, nami nikaapa kwamba nitampeleka. Nikasoma. Nikapata kazi, nikapata watoto, nikapata visingizio. Kila Desemba nilisema mwaka ujao, na sasa nimemleta hana macho.

Mwanamke wa makamo aliyeketi mlangoni aliniona nikinyoosha mkono. "Vitu vya hapa havishikwi, mama. Ni vya kuangalia."

"Huyu haoni," nikamwambia. "Na hiki alikisugua yeye."

Alimtazama Nyanya, akamtazama mtoto wa jiwe. Kisha akavuta kiti, akamketisha, akamwekea kinyago mapajani.

Nyanya alianzia kichwani kwa mtoto. "Anatazama nyuma," akasema, na uso wake wote ukafunguka. Akateremka kwenye shavu, shingo, bega. Vidole hivyo vimeliwa na msasa mpaka siku ya kuandikishwa vitambulisho mashine ilishindwa kusoma alama zake, lakini juu ya jiwe havikupotea njia. Kimoja kikaingia kwapani. Kikarudi, kikaingia tena.

"Kwapani hujafika," akasema.

Nilipiga magoti pale sakafuni. Nikaingiza kidole changu palepale alipokitoa chake, na chini ya nta pakanikwaruza. Niliona aibu, aibu ya mtoto katika mwili wa mwanamke mwenye mvi.

"Nilikudanganya, Nyanya. Pole."

"Pole ya nini?" akacheka. "Watoto wa kutazama nyuma wameigwa, hata mimi nimewahi kuwashika. Ni kwa hapa kwapani, pasiposuguliwa, nimejua ni chetu."

Babu hayupo. Karai lilitoboka, likageuzwa kuwa la kuku. Kwetu hakuna anayesugua tena, na baraza lile la mvua ni shimo. Nilitaka kumwambia tuondoke, jua linazama na bado kuna safari. Lakini Nyanya alikuwa amemkumbatia mama na mtoto wake kifuani, na kwa upole kabisa akimuuliza yule mwenye makumbusho kama hapo ndani kuna msasa, na maji kidogo.