Mkate Uliokwenda Ibadani

Lusajo alikuwa mtoto wa wachuma chai wa Bungu, lakini kuoka mkate alijifunza Korogwe mjini, kule chini ambako jasho humtoka hata kuku. Kule ukikanda unga, ukageuka kidogo kusalimiana na mtu, ukirudi unakuta umeumuka hadi umeinua kifuniko. Basi maskini akadhani ni ufundi wa mikono yake.

Alipopanda Shume kupasua mbao, akampenda Yunis, na mapenzi yakamlegeza mdomo. Akajigamba mbele ya mama Yunis kwamba Tanga nzima hakuna wa kumfikia kwa mkate.

"Vizuri, baba," akasema yule mama. "Aliyekutangulia alijisifu ana ng'ombe kule Kwai, hatukuona hata kwato. Jumapili tukitoka ibadani utaoka hapahapa jikoni kwangu, nikuone. Mkate ukilala bila kuumuka, jina la Yunis usilitaje tena."

Ulikuwa mwezi wa saba. Na Shume ya mwezi wa saba, jamani, hata moto huota moto. Ijumaa Lusajo akakanda unga wa kujaribia, akaulaza kwenye karai karibu na dirisha. Kulipokucha ulikuwa vilevile, umekaa kama jiwe la kusagia. Akashuka mbio dukani kwa Mwajuma.

"Umeniuzia hamira iliyokufa!"

"Haijafa, imelala," Mwajuma akamjibu bila kuinua macho kwenye mchele aliokuwa akipima. "Hamira ni viumbe hai, vidogo mno, macho hayavioni, na baridi vinaisikia kama wewe. Wewe umejifunika mablanketi mawili, vyenyewe umevilaza dirishani. Nguvu ya kukuinulia unga vitaitoa wapi?"

Lusajo akashika neno. Akarudi nyumbani, akachemsha maji mpaka yakatokota, akayamimina kwenye unga na hamira mpya. Akasubiri mpaka alasiri. Unga haukujitikisa. Akarudi dukani, safari hii kwa upole.

"Maji ulitia ya namna gani?" akauliza Mwajuma.

"Ya moto, yanatokota. Si ulisema havipendi baridi?"

"Subhanallah! Umeviua! Kumbe mgeni wako akisikia baridi unamtia chunguni? Vuguvugu, Lusajo! Joto la kuogeshea mtoto!"

Usiku mzima neno mtoto halikumtoka kichwani. Mtoto mchanga wa Shume anawekwa wapi asipate baridi? Mgongoni kwa mama yake. Na mgongo, tofauti na jiko, unakwenda nao popote wala hauunguzi kitu.

Basi Jumapili asubuhi akakanda kwa maji ya vuguvugu, akaufunga unga kwenye kitambaa safi kilichonyunyizwa unga mkavu, akaubeba kwa khanga aliyoazima kwa jirani, juu yake akavaa koti la suti. Akaenda ibadani.

Kanisa lilikuwa limejaa, madirisha yamefungwa, pumzi za watu zimepasha hewa. Wimbo wa kwanza, mgongo wake ulikuwa na kinundu cha kawaida. Kufika mahubiri, koti likaanza kumbana kwapani. Waliposimama kwa wimbo wa sadaka, kifungo kikafyatuka, kikampata mzee wa kanisa kwenye upara.

Nyuma yake sauti ikanong'ona, "Lusajo, mgongo wako unakua."

Akajua ni mama Yunis. Jasho likamtoka, ambalo, tuseme kweli, liliusaidia unga.

"Shikamoo, mama. Ni mkate."

"Marahaba. Huo mkate una miezi mingapi?"

Benchi zima la akina mama likainamisha vichwa kama linalosali, na mabega yakatikisika.

Walipofika jikoni, Yunis akamsaidia kufungua mzigo. Unga ukamwagika nje ya kitambaa, mweupe, umejaa hewa. Lusajo akautia kwenye sufuria, makaa chini, makaa juu ya kifuniko, akachuchumaa pale bila kusema hata neno la kujisifu. Ulipoiva, mama Yunis akaumega. Akatafuna polepole. Akamega tena. Kipande cha tatu akamnyang'anya Yunis mkononi.

"Mkate ni mzuri," akasema mwishowe. "Ila siku ya harusi unga uumuke penye jiko. Wageni wangu sitawalisha kitu kilichotoka mgongoni kwa bwana harusi."

Lusajo akaitikia, "Ndiyo, mama," lakini habari ya jiko hakuisikia kabisa.