Mke Anaendesha Mashua ya Chambo, Mume Anaipinga

Jumamosi, tarehe 14 Juni 2025. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mwanamke aliyevaa aproni ya plastiki anapiga magoti kwenye ukingo wa bwawa na kujaza mahindi yaliyochemshwa ndani ya mashua isiyozidi urefu wa mkono wake. Anafunga kifuniko, kisha anapangusa rimoti kwa upindo wa gauni.

Hana haraka ya kuiachia majini. Anainuka na kutembea ukingoni, kutoka kwa mvuvi mmoja hadi mwingine, na kila anayemfikia anamwambia maneno yale yale: "Naomba njia."

Wavuvi wanateremsha ncha za fimbo zao ili mishipi izame na mashua ipite juu yake. Mmoja anajibu, "Pita, Nahodha." Mwingine anainua kidole tu, macho yake yakiwa bado kwenye boya. Wa mwisho, mwanamume mwenye kofia pana, anakohoa kwanza.

"Unaomba njia, au umekuja kunimalizia samaki waliobaki?"

"Naomba njia, baba watoto."

"Haya, pita. Lakini pita mbali."

Huyo ndiye mume wake. Ni fundi baiskeli, na katika bwawa hili hakuna anayeipinga mashua ya chambo kwa sauti kubwa kumshinda yeye.

Asubuhi hii haifanani na nyingine. Saa nne, chama cha wavuvi wa ndoano kitakutana bandani, karibu na lango, kuamua kama mashua hiyo iendelee kuruhusiwa au ipigwe marufuku. Kwa Nahodha, kama wote wanavyomwita, uamuzi huo unagusa kazi yake. Siku hizi mashua humwingizia zaidi ya chambo anachouza.

Chambo ndiyo kazi aliyoanza nayo. Kwa miaka mingi ameketi langoni na makopo ya minyoo, madonge ya unga na ndoo ya mahindi. Bwawa lenyewe ni shimo la machimbo ya mawe lililojaa maji. Ukingoni ni pakavu na pazuri, lakini samaki wakubwa hupenda kukaa katikati, kwenye kina.

Mashua aliinunua kwa mteja aliyekuwa akihama. Inatumia betri, na tumbo lake hufunguka kwa kubonyeza kitufe. Nahodha huipeleka hadi katikati, kisha huirudisha polepole huku ikidondosha chambo kidogo kidogo, mpaka karibu na ndoano ya mteja aliyemlipa.

"Mimi sivui," anaeleza. "Mimi nawaita wageni. Kuwapokea ni kazi ya mwenye ndoano."

Miongoni mwa wateja wake yupo dereva mstaafu wa malori, ambaye mkono wake wa kulia haupandi tena juu ya kifua kwa ubovu wa bega. Alikuwa ameacha kabisa kuja bwawani.

"Nilikuwa nakaa nyumbani nagombana na redio," anasema dereva huyo, akicheka. "Mke wangu ndiye aliyenileta kwa shemeji hapa. Akamwambia, tafadhali mtafutie huyu mtu samaki, la sivyo nitamtupa mimi majini."

Sasa hutupa mshipi wake hatua chache tu kutoka miguuni, na kambale humfuata hapo hapo.

Si wote wanaofurahi. Muuguzi mmoja, ambaye huja akitoka zamu ya usiku, analalamikia mlio wa injini. "Wodini nasikia kengele usiku kucha," anasema. "Nakuja hapa nisikie maji. Nikikaa tu, vuuuu! Nahodha anapita. Nampenda kama dada yangu, lakini kile kidubwana chake sikipendi."

Hoja ya fundi baiskeli ni nyingine. Anaamini kwamba kumtafuta samaki ndiyo nusu ya uvuvi, na aliyeletewa samaki mlangoni amenyimwa nusu hiyo. Tena anadai kwamba samaki wameharibika tabia. "Wakisikia injini wanakuja mbio, kama watoto waliosikia sahani zikipangwa. Huyo ni samaki, au mfugo?"

Ana kisa pia. Katika siku za mwanzo, mashua ilipita juu ya mshipi wake wakati akivutana na kambale mkubwa. Panga la injini likaukata. Jioni hiyo, wakila, alisema neno moja tu: kwamba chumvi imezidi.

"Chumvi ilikuwa sawa," anasema Nahodha. "Ni kambale aliyekuwa amemkaa kooni. Na huyo kambale anakua, nakuambia! Mwanzoni alikuwa na urefu wa mkono. Sasa amefika kiunoni. Akifika begani tutamtafutia shule."

Kuanzia siku ile, hajaiachia mashua bila kuzunguka na kuomba njia.

Saa nne, bandani, viti havitoshi. Mwenyekiti wa chama, ambaye ni kinyozi, anafungua mkutano kwa kuwaomba watu wazungumze kwa zamu, kama wanaosubiri kunyolewa. Wanacheka, lakini si kwa muda mrefu.

Muuguzi anaeleza kero ya kelele. Dereva anasimama, anajaribu kuinua mkono, bega linakataa. "Mmeona?" anasema. "Sina hotuba ndefu. Mkiiondoa mashua, mmeniondoa na mimi."

Ndipo sauti inatoka nyuma. Mvuvi mmoja kijana anasema kwamba amesikia Nahodha hubeba hata ndoano za wanaomlipa vizuri, na kuzitia mdomoni mwa samaki huko huko katikati, na mteja kazi yake ni kuvuta tu.

Kwa wavuvi wa ndoano, hilo ni sawa na kuambiwa umeiba. Nahodha anafungua mdomo, lakini aliyekwisha kusimama ni mume wake.

"Mimi naipinga mashua hii," anaanza. "Nimeipinga hapa, nimeipinga nyumbani, hata mito ya kitandani imechoka kunisikia. Nikiulizwa leo nitasema iondoke. Lakini mashua haijawahi kubeba ndoano. Mimi ndiye niliyeikodolea macho kuliko ninyi nyote, nikitafuta kosa. Ningeliona, mngekuwa mmelisikia zamani. Kwa hiyo tuipinge kwa ukweli."

Anaketi. Kijana anaomba radhi, na Nahodha anamwitikia kwa kichwa.

Akipewa nafasi, mwanamke huyo anazungumza kwa ufupi. Anapendekeza mwenyewe kwamba iandikwe wazi: mashua ibebe chambo tu, isibebe ndoano kamwe, na isiondoke ukingoni kabla ya kuomba njia. Kisha anamgeukia muuguzi.

"Dada, ukitoka zamu, niambie umekaa upande gani. Upande huo sitauendea mpaka uondoke."

"Hata wateja wakikubembeleza?"

"Hata wakilia."

Kura zinapigwa kwa kuinua mikono. Dereva anainua wa kushoto. Muuguzi anasitasita, anatazama dari, kisha naye anainua. Mashua inabaki, kwa masharti hayo. Kati ya mikono michache iliyoinuliwa kuipinga, mmoja ni wa fundi baiskeli, umenyooka kama mlingoti.

Akiulizwa kama ameumia, Nahodha anacheka hadi anajifuta macho. "Angeinua kwa ajili yangu ningeogopa. Ningejua kuna kitu amevunja nyumbani."

Kisha anatulia. "Watu wengi wangekaa kimya, jambo likaenda wanavyotaka. Yeye alitaka nishindwe, lakini hakutaka nishindwe kwa uongo. Mtu wa namna hiyo ukilala naye nyumba moja, unalala usingizi."

Sasa anapanga kununua injini isiyo na kelele, na kutengeneza benchi lenye egemeo kwa ajili ya wasioweza kusimama muda mrefu. Mbao ameshapata. Fundi wa kulipigilia pia amempata, bila kumlipa: mume wake amekubali, kwa sababu, asemavyo, yeye anapinga mashua, hapingi viti.

"Huko majumbani kuna wavuvi wengi waliotundika fimbo zao kwa sababu ya bega, mgongo au goti," anasema Nahodha. "Hawajui kwamba bado wanaweza. Ningependa waje, hata kama ni kukaa tu."

Basi, msomaji, ukimfahamu mmoja wao, ukimaliza kusoma mpelekee gazeti hili. Kama hajui kusoma, keti naye umsomee, polepole, mpaka mwisho.