Vidole vya Baba

Juzi binti yangu alikuwa anaandika shairi la shule, akihesabu mizani kwa vidole, nikamkumbuka baba yangu katika shamba letu la viazi, Kichiwa. Alasiri moja, nikiwa mtoto, ukungu ulinukia udongo mbichi. Baba aliegemea jembe, akanong'ona huku akikunja vidole mpaka nane, kisha akaanza upya. Nikajua anawaroga majirani, kila kidole na mtu wake. Nilikimbia kumwita mwinjilisti.

"Baba Neema, unahesabu nini?" mwinjilisti alimuuliza.

Baba alinitazama mimi. "Matuta tu," alisema.

Hakunong'ona tena shambani. Katika daftari la mashairi tulilolikuta alipofariki, kila ubeti una mishororo minne, isipokuwa ule wa mwisho. Huo una mitatu.