Bushi za Gari la Mama Valarie

Gari la Mama Valarie lilianza kugonga mbele wakati wa mvua ndefu, na Waswa akakosa raha. Kugonga kwenyewe hakukumsumbua. Kilichomsumbua ni kwamba gari likigonga, Mama Valarie, yaani mkewe Aloo, hutaja jina la fundi Dalmas.

"Hii gari imeanza tena," Aloo alisema jioni moja akishusha mabeseni matupu ya samaki. "Kesho nampigia Dalmas."

Waswa alipokea beseni, akaliweka chini kwa nguvu zaidi kuliko ilivyohitajika.

Alikuwa mtu wa Kimilili aliyekuja Kisumu akiwa kijana, akapata kazi ya kutunza stoo ya duka la vifaa vya ujenzi, akapanga nyumba Kaloleni na kulizoea joto la ziwa. Kazini walimjua kwa upole. Mteja angeweza kumrudishia msumari alioupinda mwenyewe, naye akampa mwingine. Wivu lakini alikuwa nao. Haukuwa wivu wa kupiga kelele wala wa kufuata mtu njiani. Ulikuwa wivu wa kusikiliza. Aloo akicheka kwenye simu, Waswa hupunguza sauti ya redio. Aloo akisema "yule naye", Waswa hukaa na neno hilo mpaka usingizi umchukue.

Aloo mwenyewe alikuwa binti wa Katito, mwanamke wa sauti kubwa na hatua ndefu, aliyenunua samaki Luanda Kotieno na kuwaleta mjini kwa gari lake, Probox nyeupe. Dalmas, fundi wake, naye alikuwa wa Katito, na hapo ndipo palipouma. Majirani wote walimwita Aloo kwa jina la mtoto wake, Mama Valarie. Dalmas alimwita Nyar Katito, binti wa kwao, na baada ya salamu hiyo Kidholuo kilimwagika kama mfereji uliosahauliwa wazi. Waswa alikijua Kidholuo cha sokoni. Cha utani kilimpita.

Halafu kulikuwa na ile siku ya mwaka uliopita. Alirudi mapema akakuta magurudumu ya mbele yamepandishwa juu ya mbao nene, miguu ya Dalmas imechomoza chini ya gari, na ndani, kwenye kiti cha dereva, Aloo ametulia kama bibi harusi, mikono mapajani, hafanyi lolote, akicheka jambo lililosemwa kutoka huko chini.

"Unafanya nini humo?"

"Nimekaa. Dalmas amesema nikae."

Jambo hilo lilimkwama Waswa kama mwiba wa samaki ngege. Fundi gani asiyeweza kukaza nati mpaka mke wa mtu akae juu ya kichwa chake?

Kwa hiyo safari hii alisema, "Usimpigie mtu. Bushi nitabadilisha mimi."

Bushi ni zile raba nene zinazokaa kwenye mikono ya chuma inayoshikilia magurudumu, ili gari likipita shimoni chuma kisigonge chuma. Waswa alizifahamu, maana alikuwa amesimama karibu na Dalmas mara nyingi akijifanya anatazama kazi. Jumamosi alipiga jeki, akaegemeza gari juu ya mawe ya ujenzi, akafungua magurudumu.

Mzee Shitanda, jirani wa mlango wa pili, alisogeza kiti chake kivulini apate kuona vizuri.

"Baba Valarie, umefungua gereji?"

"Natengeneza gari ya nyumbani, Mzee."

"Na Dalmas amehama?"

"Dalmas ana kazi nyingi."

"Hiyo kazi alipewa na nani? Kwa sababu jana nimemwona amekaa anakula mahindi."

Waswa aliingia chini ya gari asiendelee kuulizwa. Bushi za zamani zilitoka kwa nyundo na kipande cha bomba, zimepasuka kama visigino vya kiangazi. Mpya alizipaka maji ya sabuni, akazisukuma mahali pake, akairudisha mikono ya chuma na kuishikiza kwa nati. Gari lilikuwa bado hewani Aloo alipotoka jikoni akifuta mikono.

"Sasa nikae ndani?"

"Ukae ufanye nini? Gari si kochi."

"Lakini Dalmas huwa ana—"

"Dalmas hayuko hapa."

Aloo alirudi jikoni. Waswa akakaza nati zote, mikono ya chuma ikining'inia. Alizikaza kwa nguvu za mwaka mzima, mpaka spana ikalia. Kesho yake walienda kanisani gari likiwa kimya kama paka, naye Waswa, kando ya mkewe, akawapungia mkono hata watu asiowajua.

Kimya hicho hakikumaliza mwezi. Kwanza gari lilianza kulia kila lilipopita tuta, kilio chembamba kama cha kitanda kikuukuu, kisha likarudia kugonga, mara hii kwa sauti ya juu zaidi.

"Baba Valarie," Aloo alisema, "nimekupea nafasi. Jumamosi hii ikikushinda, Dalmas anakuja hapa, na wewe ndiye utampikia chai."

Jumamosi ilipofika Waswa alifungua tena. Bushi zake mpya zilikuwa zimechanika, zimesokoteka kama nguo iliyokamuliwa. Alimlaani aliyemuuzia, akaenda kununua nyingine katika duka jingine, akazitia. Upande wa kulia alikaza kama mwanzo, akarudisha gurudumu. Halafu, kwa sababu hakumwamini mtu tena, hata raba, alilala kando ya gari atazame huku akiteremsha jeki polepole.

Gari lilipoanza kuketi, ule mkono wa chuma ulipanda. Raba ilitaka kuufuata, lakini nati ilikuwa imeibana, basi ikajisokota. Alipandisha jeki, raba ikanyooka. Akateremsha, ikajisokota tena. Alikuwa ameifunga raba gari likiwa hewani, kisha akaitaka iishi gari likiwa chini.

Waswa alikaa kwenye vumbi. Sasa alizielewa zile mbao nene chini ya magurudumu. Alikielewa pia kiti cha dereva: gari lilipaswa kuketi vile linavyoketi barabarani, na mwenyewe ndani yake, ndipo nati zikazwe.

Mtu mwingine angepumua. Yeye alichomwa upya. Kumbe siku ile Aloo hakuwa amekaa tu. Alikuwa kazini, kazi ya watu wawili, na mmoja wao alikuwa Dalmas. Tena Aloo alikuja kumpa yeye msaada huohuo, naye akamfukuza.

"Imekushinda?" aliuliza Mzee Shitanda.

"Bado, Mzee."

Alilegeza nati, akarudisha gurudumu la kushoto, akayapandisha yote mawili juu ya mbao na kuweka mawe nyuma yake. Kisha akasimama kwenye mlango wa jikoni.

"Mama Valarie. Njoo ukae ndani."

Aloo hakugeuka kutoka kwenye sufuria. "Si ulisema si kochi?"

"Nilisema."

"Nimalize ugali kwanza."

Alimaliza ugali. Akaja bila haraka, akafungua mlango, akaketi. Chini alikolala Waswa, juu ya kifua chake, gari lilizama kidogo, na springi ikatoa mguno mdogo. Aliuhisi uzito wa mkewe ukifika mpaka kwenye spana. Akawaza: Dalmas alilala hivi hivi, akaona gari likizama hivi hivi.

"Usitingishike," alisema.

"Najua. Hii kazi nimeizoea."

Waswa alishika spana. Akakaza nati ya kwanza, akahamia ya pili, polepole, akisikiliza. Juu yake Aloo alianza kuimba kwa pua wimbo wa kwao ambao Waswa hakuujua. Nati zikaisha.

"Umemaliza? Nishuke?"

Waswa aliigusa nati ya mwisho. Haikusogea hata chembe.

"Kaa kidogo," alisema. "Dalmas alikuambia nini siku ile, ukacheka?"

"Siku gani?"

"Wewe kaa tu. Nitakukumbusha."